Biskuti zangu za muhogo na jina la Bi Kidude

BARUA

Bi Mshauri, Assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 38, na ninaishi Unguja, upande wa Ng'ambo. Sikuwahi kudhani kwamba ningekuja kuandika barua ya kuomba shauri kwa sababu ya biskuti, lakini nyumba yetu imekosa utulivu na chanzo chake ni treya ya biskuti, kwa hivyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa mpenzi wa taarab, na katika waimbaji wote hakuna aliyempenda kama marehemu Bi Kidude. Alikuwa na redio kaseti ambayo kifuniko chake kilivunjika zamani, akawa anakifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli, na kila Alhamisi jioni, alipokuwa akipika vileja vya kuuza, redio hiyo ilikaa juu ya kibao cha mbuzi pembeni ya jiko. Kazi yangu ilikuwa kuchunga unga wa mchele na kutwanga hiliki. Hatukuwa na oveni. Bibi alipanga vileja katika sinia, akaliweka ndani ya sufuria pana, akafunika kwa bati na kupalia makaa juu na chini, na saa yake ilikuwa ni nyimbo: wimbo wa kwanza ukiisha aligeuza sinia, wa pili ukiisha alifunua bati.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya arubaini nilianza kupika usiku, watoto wakishalala, huku nikizipiga nyimbo zile zile kwenye simu. Usiku mmoja ulipokuwa ukipigwa "Muhogo wa Jang'ombe" nilijiuliza kwa nini nisipike biskuti za muhogo badala ya mchele. Za mwanzo zilikuwa ngumu kama vigae, za pili zikawa vumbi, na mume wangu alizila kwa heshima tu. Baada ya miezi kadhaa nilipata kipimo: vikombe viwili vya unga wa muhogo, samli robo tatu ya kikombe, sukari ya kusaga nusu kikombe, yai zima moja na kiini kimoja, hiliki, kungumanga kidogo, na karafuu moja nzima iliyochomekwa katikati, ambayo mlaji huitoa kabla ya kula.

Hapo ndipo nilipoanza kuzipa maumbo. Nilifanya moja ya chungu kwa ajili ya Siti binti Saad, kwa sababu bibi alinihadithia kwamba Siti alikuwa akiuza vyungu kabla hajawa mwimbaji, na kwamba Bi Kidude aliziokota nyimbo kutoka kwake. Ya pili naichora maua ya hina kwa kakao nzito iliyotiwa kwenye koni ya plastiki, kwa kuwa Bi Kidude alikuwa pia mpaka hina wa maharusi. Ya tatu ina umbo la msondo, ile ngoma ndefu aliyokuwa akiipiga katika unyago. Nilikuwa nikiwapelekea jirani na jamaa katika sahani, wala sikutaka hata senti.

Mwaka jana wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kunitembelea, akala, akaniambia kwamba nimelalia mali. Alinipa shilingi 600,000 nikanunua oveni ndogo ya umeme. Nilishukuru sana. Sasa, mwezi huu, amekuja na habari kwamba mwenye duka moja la zawadi Mji Mkongwe anataka paketi 200 zenye biskuti 12 kila moja, kwa shilingi 5,000 kwa paketi, ziwe tayari kabla ya tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari, ambapo wageni hujaa mjini. Sharti la mnunuzi ni kwamba paketi iwe na picha ya Bi Kidude na jina lake. Wifi amekwishapokea arbuni ya shilingi 300,000 na amekwishaitumia sehemu yake kuagiza paketi. Zimebaki wiki tano. Mimi hupika usiku wa siku nne kwa wiki, na kwa usiku mmoja hutoa biskuti kama 60.

Mama mkubwa, dada yake mama, alipopata habari alikuja nyumbani na hata chai hakuinywa. Alisema, "Msondo haupigwi mbele ya wanaume wala watoto, na wewe unaupanga kwenye sahani wautafune watalii?" Kisha akasema kwamba wimbo wenyewe si wa muhogo wa kula, na kama sijui maana yake basi bora ninyamaze. Alipofika mlangoni akaongeza kwamba kumuuza maiti ni aibu. Nililia usiku kucha. Nilipomuuliza mume wangu, alisema nifanye ninavyoona, akavaa kofia yake akaenda kuswali Isha.

Nikikataa, wifi atalipa arbuni kwa fedha gani, na nitamtazamaje usoni kila Iddi? Nikikubali, nitakuwa nimemkosea mama mkubwa, ambaye ndiye mtu mzima pekee aliyebaki kwetu upande wa bibi, na labda nimemkosea Bi Kidude mwenyewe, aliyempa bibi yangu furaha kwa miaka yote ile. Jambo jingine, ingawa ni dogo: tangu arbuni ipokelewe nimekuwa nikipika bila ya kupiga nyimbo, kwa sababu nikizisikia naona haya.

Naomba uniambie nimekosea wapi. Na kama una ujuzi wa mapishi, niambie pia kwa nini biskuti zangu humeguka nikizisafirisha, kwa kuwa hata zile nilizozipeleka Pemba zilifika chenga.

Wako,
Mjukuu wa Mpika Vileja, Unguja

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Sikukucheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa jikoni, kwa sababu niliona kwamba hapo ndipo panapostahili. Umeniuliza umekosea wapi, na sina jibu la swali hilo. Ninachokiona ni mambo matatu yaliyofungwa katika kitambaa kimoja, nayo yanakuelemea kwa sababu unayabeba pamoja: deni la wifi yako, jina na sura ya mwimbaji aliyekwisha kufa, na bibi yako. Kila moja lina mlango wake, nami nitaanza na lile ambalo halihitaji machozi.

Chukua kalamu. Paketi 200 zenye biskuti 12 ni biskuti 2,400. Wewe hutoa 60 kwa usiku, siku nne kwa wiki, na una wiki tano, yaani siku ishirini za kupika. Hizo ni biskuti 1,200. Hata kama mama mkubwa angekuja leo akakubariki, na hata kama kila mwenye haki ya jina la Bi Kidude angetia saini, bado nusu ya kazi hiyo isingekuwepo Februari, na hata ukipika kila usiku bila ya biskuti moja kuungua utafika 2,100 tu. Nimelisema hili mwanzo kwa sababu katika barua yako umeandika kama kwamba njia ni mbili tu, kukubali au kukataa, na ukaogopa zote mbili. Oda ile kama ilivyo haiwezekani. Kwa hiyo mazungumzo na mwenye duka hayakwepeki, nayo yanaweza kuanzia kwenye hesabu, ambayo haina wa kulaumiwa, kabla ya kufika kwenye aibu na heshima.

Pengine atakubali paketi 80 au 100. Pengine atataka arbuni yake. Likitokea hilo la pili, fedha iliyokwisha kutumika itabidi itoke mahali, na hapo ndipo tunapomfikia wifi yako.

Umeandika kwamba "alinipa" shilingi 600,000. Naomba ulitazame neno hilo. Je, alikupa kama hidaya, alikukopesha, au alitia mtaji? Sioni katika barua yako kwamba mliwahi kuulizana, na si ajabu, kwa kuwa baina ya wifi na wifi ni vigumu kutoa karatasi na kuandikishana. Lakini kila mmoja wenu huenda amekuwa akiishi na jibu lake. Ikiwa kwako ilikuwa hidaya, basi kitendo chake cha kuchukua arbuni bila ya kukuuliza ni kukuvunjia heshima. Ikiwa kwake ilikuwa mtaji, basi yeye anajiona mshirika aliyekwenda kutafuta soko kwa ajili yenu nyote, na huenda anashangaa kwa nini umenuna. Simtetei, mshirika naye huulizwa na huuliza. Nasema tu kwamba kabla ya kumwona kama mtu aliyekuuza, ingefaa ujue yeye anadhani nyinyi ni nani. Mazungumzo hayo yana hatari yake, kwa sababu mkishalitaja jambo la fedha kwa jina lake haliwezi tena kurudi kuwa hisani, na Iddi ya kwanza baada ya hapo inaweza kuwa nzito. Lakini kuliacha bila ya jina nako kumekwisha kukugharimu.

Na mumeo usimhukumu kwa kofia yake tu. Amesimama baina ya dada yake na mkewe, na mtu aliyesimama hapo mara nyingi husema "fanya unavyoona" kwa kuogopa kwamba neno lolote zaidi ya hilo litamtia upande mmoja. Inawezekana pia kwamba hajali, nami siko nyumbani kwenu niweze kujua. Ungeweza kumwuliza swali dogo kuliko lile ulilomwuliza. Badala ya kumwuliza ufanye nini, mwulize kama yuko tayari kukaa nanyi wawili mtakapoizungumza arbuni.

Sasa tuje kwenye jina. Hapa nitazungumza kwa tahadhari, kwa sababu mimi si mwanasheria, na hili ni jambo ambalo ningependa umwone anayelijua. Wengi wetu hudhani kwamba mwimbaji akishakufa, kila chake kimekuwa cha umma kama mnazi wa njiani. Katika paketi moja ya biskuti mna vitu vitatu vya namna mbalimbali. Kuna wimbo, ambao una mtungaji wake na waimbaji wake. Na wimbo unaoutaja wewe ulijulikana kwa Siti binti Saad kabla ya Bi Kidude kuuimba, kwa hiyo hata ukisema "wa Bi Kidude" tayari umefupisha historia. Kuna picha, ambayo ilipigwa na mtu, na mpiga picha ana haki katika kazi yake hata kama aliyepigwa amefariki. Halafu kuna jina na sura ya mtu mwenyewe, ambavyo ameviacha kwa jamaa zake wenye uchungu naye. Zanzibar ina taasisi yake ya hakimiliki, COSOZA, ambayo si ile COSOTA ya Bara, na alama za biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Ukiacha hayo ya jina, ukipita tu kutoka kwenye sahani ya jirani hadi kwenye rafu ya duka unakuwa mtengenezaji wa chakula, na hapo unakutana na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Wiki tano ni muda mdogo kwa milango yote hiyo. Mwenye duka amekupa sharti la picha na jina. Sikuona katika barua yako kama amesema ni nani atakayebeba mzigo ikiwa mwenye haki atatokea na kuuliza. Lifahamu hilo kabla ya paketi ya kwanza kuchapishwa, kwa kuwa anayeonekana kwenye lebo kama mtengenezaji atakuwa wewe.

Vipi kama zingeuzwa bila ya picha na bila ya jina? Umeandika kama kwamba biskuti hizo bila ya Bi Kidude si kitu. Mimi nina shaka. Mtalii anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe atazionja kwa sababu ya muhogo, samli na ile karafuu, na jina la chungu au la hina linatosha kumfanya aulize. Hatari ya njia hii ni kwamba mwenye duka hakuja kwako kwa ajili ya muhogo. Alikuja kwa ajili ya sura ile ambayo wageni wengi wanaijua, hasa tangu Bi Kidude alipopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005. Huenda akaondoka. Na wewe mwenyewe huenda ukahisi kwamba umemficha mtu ambaye ndiye sababu ya kupika. Ni hasara ya kweli, wala sitaki kuifanya ndogo.

Kuhusu mama mkubwa, naomba urudi ukasome maneno yake kama ulivyoyaandika wewe mwenyewe. Hakusema neno juu ya chungu. Hakusema neno juu ya hina. Aliusema msondo, aliusema wimbo, na alipofika mlangoni akasema juu ya kumuuza maiti. Umeyasikia yote kama hukumu moja juu ya biskuti zako, lakini ni malalamiko matatu, na huenda yana uzito tofauti.

La msondo nadhani nalielewa. Unyago una mipaka yake, na waliochezwa zamani walifundishwa kwamba kuna yanayosemwa ndani na kuna yanayosemwa nje. Utaniambia, kama nilivyojiambia mimi pia, kwamba Bi Kidude mwenyewe aliitoa ngoma hiyo jukwaani na akaipiga mbele ya wanaume na wanawake, hapa na ng'ambo. Ni kweli. Lakini yeye alikuwa kungwi. Alijua alichokuwa akikifunua na alichokuwa akikibakisha, na aliyesikiliza bila ya kuchezwa aliondoka na mdundo tu. Pengine kinachomuuma mama mkubwa ni kwamba biskuti haina namna ya kubakisha kitu. Pengine si hilo hata kidogo. Je, yeye alichezwa na nani? Ni nani aliyempigia? Umewahi kumwuliza? Ninauliza kwa sababu binti aliyelelewa na bibi yako huyo huyo, katika nyumba ile ile yenye redio ile ile, huenda naye ana kumbukumbu zake za Alhamisi jioni, na huenda hakuna aliyewahi kumwomba azisimulie.

La wimbo kwamba si wa muhogo wa kula, hapo nilitabasamu. Taarab ni lugha ya mafumbo na kila mtu mzima wa pwani anajua hivyo. Lakini uzuri wa fumbo ni kwamba msikilizaji hulitia maana yake. Mwanamke mmoja husimama ukumbini kwa ubeti fulani akimwelekezea mke mwenziwe, na mwingine husimama kwa ubeti ule ule akimkumbuka marehemu mumewe. Bibi yako aliyafanya mafumbo hayo kuwa saa ya kupimia moto, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ameyakosea adabu. Kwa hiyo sioni kwamba ulipousikia muhogo katika wimbo ukafikiria unga ulikuwa mjinga. Ulikuwa msikilizaji.

Na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, mwanangu. Katika taarab, aliyeguswa na wimbo huinuka kwenda kutunza. Hutembea taratibu, noti mkononi, mbele ya watu wote, akamfikia mwimbaji na kumtuza. Miaka yote uliyokuwa ukipeleka sahani za biskuti kwa jirani bila ya kutaka senti, naona ulikuwa ukitunza. Ulikuwa ukitoa kwa ajili ya mtu aliyekupa kitu. Sasa umeombwa usimame pale pale mbele ya mwimbaji, ila mkono wako safari hii umefunguliwa ili upokee. Si dhambi kupokea. Bibi yako mwenyewe aliuza vileja, na Siti aliuza vyungu kisha akaimba kwa malipo, hata akasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedhani kwamba fedha huchafua kazi ya mikono. Lakini wao waliuza cha kwao. Labda ndiyo maana umeizima simu. Umeliita jambo dogo na kuliweka mwishoni mwa barua, na mimi naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ni wewe mwenyewe uliyejihukumu hapo, kabla ya mama mkubwa kubisha hodi.

Sisemi kwamba haya hiyo ni ya haki. Wakati mwingine tunaona haya kwa jambo lisilo na kosa, hasa sisi wanawake tuliofundishwa kwamba kazi ya jikoni ni hisani na kwamba anayeitoza bei ni mchoyo. Ingefaa uipime. Pika usiku mmoja biskuti za chungu na za hina, zisizo na jina la mtu wala picha, uzifikirie kuwa za kuuza kwa shilingi 5,000 kwa paketi, kisha uupige wimbo. Ukiweza kuusikiliza, basi utajua kwamba fedha haikuwa tatizo lako. Ukishindwa, hilo nalo lina la kukuambia, na pengine utaamua kwamba oveni iwe ya keki na mikate ya kuuza na Alhamisi ibaki ya bibi. Wapo wapishi walioamua hivyo na wakaendelea vizuri. Wapo pia waliokuja kujuta, walipoona mwingine amelichukua wazo lao na kulipeleka sokoni kwa uzembe.

Kuna waliokwisha kujitoa katika hali kama hii kwa kusema kwamba sehemu ya fedha itakwenda kwa jamaa wa mwimbaji, au kwa vijana wanaojifunza kupiga ala za udi na kanuni katika chuo cha muziki cha Dhow Countries pale mjini. Ni wazo jema, na ukienda kuwaona jamaa wa Bi Kidude huenda wakakupokea kwa furaha ambayo hukuitegemea. Lakini nenda ukiwa tayari kusikia hapana. Ukienda na paketi zilizokwisha kuchapishwa, utakuwa hukwenda kuomba ruhusa. Utakuwa umekwenda kuwapa taarifa, nao watatambua.

Ukiniuliza ningeanzia wapi kesho asubuhi, ningeanzia kwa wifi, kwa sababu paketi zinachapishwa na siku zinakwenda. Kwa mama mkubwa ningekwenda baadaye, bila ya haraka, na sahani ndogo isiyo na msondo, nisiseme lolote juu ya biashara siku hiyo. Lakini wewe unawajua, mimi nawajua kwa barua tu.

Sasa kuhusu chenga zilizofika Pemba. Unga wa muhogo, kama ule wa mchele aliouzoea bibi yako, hauna ule mnato wa ngano unaoshikilia donge, kwa hiyo unategemea mayai na samli peke yake. Ukishauchanganya ulaze mahali pa baridi kwa nusu saa, ili unga unywe unyevu kabla ya kuukata. Pima unga kwa mizani badala ya kikombe, maana kikombe cha unga uliokandamizwa si sawa na cha uliochungwa. Hakikisha unga wenyewe umetokana na mihogo mitamu iliyomenywa na kukaushwa vizuri. Mihogo michungu ina sumu na ni lazima irowekwe kwa siku kadhaa, na mnunuzi wa sokoni hawezi kuitambua sumu hiyo kwa macho, basi nunua kwa mtu unayemjua. Ikiwa mgeni atakuuliza kama hazina ngano, usimjibu kwa haraka ikiwa treya hiyo hiyo unapikia mikate. Katika kufunga, weka karatasi baina ya safu na safu, na usiache nafasi ya kuchezacheza.

Moto wa nyuzi 160 unatosha. Kosa la wengi ni kuziinua zikiwa za moto, kwa kuwa samli bado ni ya maji na hakuna kinachozishika. Zitoe zikiwa bado laini kidogo katikati, uziache pale pale kwenye treya, usiziguse, kwa muda wa kama nyimbo mbili.